Ng'oa Kwanza, Dawa Baadaye

Leo sizungumzi siasa, wala bei ya mafuta, wala mpira. Leo nataka tuzungumze juu ya boga, pamoja na mdogo wake, tango. Tafadhali usizime redio. Jambo lenyewe ni dogo, lakini wiki chache zilizopita nusura linipeleke hospitali mimi na watoto wangu.

Wengi wetu hapa Mwanza tuna vibustani. Ukipita nyuma ya nyumba kule Butimba, Mkolani au Igoma, au ukishuka kwenye mabonde yanayoelekea ziwani, utakuta matuta mawili matatu ya mchicha, chainizi, nyanya, na maboga yanayotambaa mpaka uani kwa jirani. Si starehe hiyo. Ni mboga ya jioni, na ni pesa ya daftari la mtoto.

Mimi nami nina matuta yangu Nyegezi, kwenye mchanga ule uliopo katikati ya mawe, udongo ambao wenyeji Wasukuma wanauita luseni. Msimu huu nilichimba mashimo ishirini ya maboga na mstari mmoja wa matango. Yakaota vizuri, yakatambaa, yakaanza kutoa maua. Nikaanza kupiga hesabu za mtu asiyejua shamba.

Siku moja saa saba mchana nikakuta majani yamelala. Jioni yakasimama. Kesho yake yakalala tena, na jioni yakasimama nusu. Baada ya wiki moja yalikuwa yamelala asubuhi, mchana na jioni.

Nilifanya nini? Nilifanya kile tunachokifanya wengi. Kwanza nilimwagilia maji zaidi. Yalipozidi kulala nikaona mdudu mwekundu amekaa juu ya jani, nikasema mwizi wangu ndiye huyu. Nikaenda duka la pembejeo nikamwambia kijana muuzaji: "Bwana mdogo, maboga yangu yananyauka, nipe dawa." Yeye hakuniuliza yananyauka saa ngapi, na mimi sikumpelekea hata jani moja. Akanipa chupa, nikalipa, na kesho yake asubuhi na mapema nikapuliza bustani nzima.

Jioni ile nikakaa kula. Ugali, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa tayari na tonge mkononi. Nikamwuliza mama watoto: "Mboga hii umenunua wapi?" Akanijibu: "Ninunue ya nini? Umesema mwenyewe maboga yanakufa, nikaona tuyawahi majani kabla hayajakauka."

Ndugu msikilizaji, sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuwa nimepuliza dawa. Tuliimwaga mboga yote shimoni, watoto wakala ugali kwa chumvi. Usiku ule ndipo nilipochukua kurunzi nikasoma maandishi ya kwenye chupa. Yalisema wazi kwamba ni dawa ya wadudu, na kwamba mazao yasivunwe mpaka siku kadhaa zipite. Maandishi hayo yalikuwepo tangu dukani. Aliyekuwa na haraka ni mimi.

Asubuhi nikaenda kwa jirani yangu, mama mmoja mtu mzima aliyelima pamba Misungwi tangu usichana wake. Nikamsimulia. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Umeng'oa ukatazama?"

Nikamwambia: "Hapana, mama. Nahurumia mmea."

Akacheka. "Mwanangu, huo umeshakufa. Unamhurumia marehemu?"

Akashika shina karibu na ardhi, akalegeza udongo kwa jembe, akang'oa taratibu. Mizizi ilikuwa na vinundu vingi, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vimeungana kama kipande cha tangawizi. Akanionyesha bila kusema kitu. Sumu yote niliyopuliza ilikuwa juu ya majani, na ugonjwa ulikuwa chini ya ardhi.

Vinundu vile ni kazi ya minyoo fundo. Ni minyoo midogo mno, huwezi kuiona kwa macho. Inaingia ndani ya mzizi, mzizi unavimba, na njia za maji zinaharibika. Sasa fikiria jani la boga lilivyo pana. Saa saba mchana jua la Mwanza linalidai maji mengi, na mzizi mgonjwa hauwezi kuyaleta kwa wakati. Ndiyo maana jani linalala mchana na kuamka jioni, jua linapopungua. Mkulima anaona kiu, anaongeza maji, kumbe maji yapo na bomba ndilo bovu. Minyoo hii hustawi sana kwenye udongo wa kichanga wenye joto, yaani luseni yetu hii hii.

Yule mama alijuaje? Aliijua kutoka kwenye pamba. Mnyauko wa pamba umejulikana Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1950. Ule unasababishwa na kuvu anayeitwa fusari, anayeziba mishipa ya maji ndani ya shina. Kwenye mchanga, minyoo fundo na fusari hushirikiana: minyoo inatoboa mlango, kuvu anaingia. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru, huko huko Misungwi, walihangaika nao miaka mingi mpaka wakapata mbegu zinazoustahimili, kama ile ya UK 91. Fusari wa pamba hali tango, kwa sababu kila zao lina fusari wake. Lakini minyoo fundo haichagui sana. Inakula boga, tango, nyanya, bilinganya na bamia. Mimi nilipanda maboga mahali palipokuwa na nyanya msimu uliopita. Kwa maneno mengine, niliikaribisha mezani.

Sasa basi, msikilizaji, mmea wako ukinyauka usikimbilie dukani. Fanya upelelezi kwanza.

Jambo la kwanza, amka alfajiri ukautazame. Kama umesimama imara alfajiri na unalala kidogo tu mchana wa jua kali, huenda ni joto, subiri. Kama hali inazidi siku hadi siku, au alfajiri bado umelala, huo ni mgonjwa.

Jambo la pili, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiishe. Kama ni mkavu, mmea una kiu. Kama ni tope, unazama, kwa kuwa mizizi nayo inahitaji hewa, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa hata ikiwa katikati ya maji. Wenye bustani za pwani ya ziwa wanakumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda mpaka kupita alama ya mwaka 1964. Dawa ya tope ni tuta lililoinuliwa na mfereji.

Jambo la tatu, kagua shina pale linapogusana na ardhi. Kama mche mchanga umekatwa usiku kama kwa wembe, fukua udongo kidogo pembeni, utamkuta kiwavi aliyejikunja, yule tunayemwita sota. Muue kwa mkono, hana gharama. Kama shina limeoza au linatoa utomvu wa kahawia, huo ni ugonjwa wa kuvu. Na matundu kwenye majani? Yule mdudu mwekundu ni mharibifu kweli, hasa kwa miche michanga, lakini si yeye aliyelaza bustani yangu.

Jambo la nne, ng'oa mmea mmoja ulio mgonjwa zaidi, tikisa udongo, tazama mizizi. Ukiona vinundu, umeshapata jibu.

Jambo la tano, kama mizizi haina vinundu, pasua shina kwa kisu karibu na mizizi. Ukiona michirizi ya kahawia ndani, mshuku fusari. Kwa nyanya kuna kipimo kingine: kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka majini, huo ni mnyauko wa bakteria.

Hapa nitoe tahadhari kwa vijana wetu wenye simu. Nami baada ya yote nilimwomba mwanangu mkubwa atafute humo. Jibu lililokuja upesi lilisema kuwa matango hunyauka kwa bakteria anayeletwa na mdudu wa manjano mwenye mistari meusi. Ugonjwa huo ni wa kweli kabisa, lakini makao yake makubwa ni Amerika ya Kaskazini. Tungelifuata jibu hilo, tungelinunua chupa ya pili ya kumwua mdudu ambaye hata hayupo Nyegezi.

Ukishaujua ugonjwa, ndipo utafute tiba. Kwa fusari hakuna dawa ya kupuliza itakayomponya mmea ulioshikwa. Ng'oa, choma moto, na pahala hapo usirudishe zao lile lile kwa miaka kadhaa, kwa sababu kuvu huyo hukaa udongoni muda mrefu. Ukipata mbegu inayostahimili, ipande. Kwa minyoo fundo, ng'oa mizizi yote baada ya kuvuna, usiiache ardhini wala usiitupe kwenye shimo la mboji. Wakati wa kiangazi pindua udongo mara kadhaa jua liuchome. Weka samadi iliyooza vizuri. Osha jembe kabla ya kulihamishia tuta jingine, na kabla ya kununua miche kagua mizizi yake.

Tena panda marejea. Mmea huu Wabenediktini wa Peramiho waliusambaza sana katika miaka ya 1980 kama mbolea ya kijani, na minyoo fundo haistawi kwenye mizizi yake. Wala tusidhani ni jambo geni kwetu. Pale Ukara, kisiwa cha wilaya ya Ukerewe, Wakara walijulikana tangu zamani kwa kupanda mmea wa jamii hiyo hiyo ndani ya uwele na kuufukia ardhini ili kurutubisha mchanga wao. Watu wamelima kisiwa kidogo chenye msongamano, vizazi na vizazi, na udongo haukuwatupa. Mimi niliyeko ng'ambo ya pili ya maji nilikimbilia chupa.

Na chupa hiyo, ndugu msikilizaji, haiishii bustanini. Mvua ikinyesha, kilichobaki kwenye majani na kwenye udongo kinateremka mabondeni, na mabonde yetu karibu yote yanaishia ziwani. Maji tunayokunywa yanatoka humo, na sangara na dagaa wanatoka humo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zilizokuwa zikitumiwa na wavuvi wabaya, na viwanda vya minofu hapa Mwanza vikatikisika. Tuliwalaani wavuvi wale. Lakini sumu haiulizi imetoka kwa mvuvi au kwa mwenye bustani. Hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayolinda mita sitini kutoka ukingo wa ziwa, haiwezi kusimamisha maji ya mvua yaliyokwisha kubeba dawa kutoka mlimani.

Sisemi dawa zote ni mbaya. Zipo zenye kazi yake, zilizosajiliwa, na mtu akizitumia kwa kipimo na kungoja siku zilizoandikwa zinamsaidia. Ninachosema ni kwamba dawa ni jibu, na jibu linakuja baada ya swali. Ukishindwa kulijibu mwenyewe, chukua mmea mzima pamoja na mizizi yake, uutie kwenye mfuko, umpelekee afisa ugani wa kata yako. Atakayekuuzia dawa bila kuuona mmea, na anayenunua bila kuupeleka, wote wawili wanabahatisha, na kubahatisha huko kunaweza kuishia kwenye bakuli la mboga. Na siku ukipuliza, hata kama ni tuta moja, watangazie wa nyumbani kabla hujanawa mikono.

Mimi maboga yangu niling'oa yote ishirini, nikayachoma. Sasa hivi pahala pale pana marejea, inafika magotini. Mama jirani hupita kila jioni akaitazama, na juzi aliniuliza kama bado nahurumia marehemu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, uutafute kwanza ulipo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaheri.