Nongo si Aibu
Hotuba ya kamati ya wakazi katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi, Nakivale



Tumeombwa tuseme machache juu ya usafi wa mwili. Ya vyoo na kunawa mikono mmeyasikia sana. Leo tutasema juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu: nongo.

Siku moja tulipanda teksi kwenda Mbarara pamoja na mama jirani yetu na mtoto wake. Abiria mmoja alimwona mtoto shingo ni nyeusi, akasema kwa sauti kwamba wakimbizi hawaogi. Mama alinyamaza. Lakini sisi majirani tunajua kwamba mtoto yule huogeshwa kila jioni, tena husuguliwa kwa dodoki mpaka analia.

Tujue basi nongo inatoka wapi. Ngozi mpya huota kwa chini, ya zamani hufa na kupukutika juu. Kazi hiyo huchukua wiki nne hivi. Ngozi iliyokufa huchanganyika na mafuta ya mwili, jasho na vumbi la barabara zetu. Isipoondolewa hugandamana, hasa shingoni, nyuma ya masikio, kitovuni na kwenye vifundo vya miguu. Tajiri wa mjini naye hupukutika vivyo hivyo. Tofauti ni maji. Kipimo cha UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikani moja, na gramu 250 za sabuni kwa mwezi. Kwa jerikani hiyo mtu anywe, apike, afue na aoge. Maji yakipungua, kuoga ndiko huachwa kwanza.

Wako pia wanaoacha kuosha sehemu moja kwa sababu ya maumivu: mwenye kidonda, aliyevunjika bega, aliyepooza, hata aliyezidiwa na huzuni. Hapo ngozi hufanya magamba ya kahawia. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, sabuni, na mkono wa mtu mwingine wa kumsaidia.

Tena iko nongo inayomganda hata mtu anayeoga kila siku. Madaktari waliieleza mwaka 1987. Sabuni haiitoi, lakini pamba yenye spiriti huifuta. Ndiyo aliyokuwa nayo mtoto wa jirani yetu. Muuguzi alipangusa shingo mara mbili tatu, pamba ikawa nyeusi, ngozi ikaonekana safi. Mama alilia mbele yetu.

Weusi wa shingoni au makwapani usiotoka kwa sabuni wala spiriti, na ngozi imekuwa nene kama mahameli, huo si uchafu. Unaweza kuwa dalili ya kisukari. Mtu asijisugue, aende akapimwe. Na mwasho unaozidi usiku, hasa kati ya vidole, huenda ni upele. Nao hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Wazazi, msiwasugue watoto kwa mawe wala kwa sabuni ya unga, kwani ngozi ikichubuka vijidudu hupata mlango. Lowesheni kwanza, kisha sugueni polepole. Vijana, mchoteeni maji mzee asiye na mtu. Walimu, msimsimamishe mtoto mchafu mbele ya wenzake, mwiteni kando. Nanyi wa mashirika, mkumbuke kwamba sabuni ikichelewa, mtu hukosa heshima yake pamoja na povu.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini wengi huficha kwa sababu sisi tunawacheka. Tuache kucheka, watajitokeza.