UTULIVU BAADA YA TUFANI



Tumetakiwa kusema machache juu ya utulivu na uzuri wa dunia baada ya dhoruba. Kwetu sisi tukaao mchana kutwa mbele ya meza na majalada, jambo hili ni jepesi mno. Mvua ikiisha twafungua madirisha. Vumbi limeoshwa hewani, majani yang'aa, upinde wa mvua umesimama upande uliokabili jua, na kumbikumbi watoka ardhini kwa maelfu. Basi twasema, "Lo, dunia ni njema!" Na kweli ni njema. Lakini twaomba ruhusa kuuliza: ni njema kwa nani?

Tuitazame Unguja, tarehe 15 Aprili 1872. Siku hiyo tufani iliupiga mji na mashamba, ikazamisha vyombo bandarini, na merikebu za Seyyid Barghash bin Said pamoja navyo, ikaangusha minazi na kung'oa mikarafuu shamba baada ya shamba. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyotangulia mbele ya Unguja kwa zao la karafuu.

Tufani za namna ile zina hila moja ipasayo kujulikana. Pepo zake huzunguka, na katikati pana jicho. Jicho likipita juu ya mahali, upepo hukoma ghafula, hata mbingu huweza kufunguka. Mtu asiyejua hutoka nje akashukuru, akaanza kuokota mabati yake. Kisha upepo hurudi kwa nguvu zilezile, nao hutoka upande uliokabili ule wa kwanza. Si kila kimya ni amani, na wavuvi walilijua hilo kabla ya vitabu vyetu.

Asubuhi ya kweli huja baadaye, nayo ina uzuri usio na shaka. Bahari hurudia rangi yake. Mnazi ulioinamishwa bila kung'oka huanza tena kuelekeza kilele chake juu, hata shina likabaki na kibiongo maisha yake yote. Wapitao huona umbo hilo kuwa pambo. Mkarafuu hauna bahati hiyo. Ukianguka hauna budi kupandwa mwingine, na mche hukaa miaka 6 au 8 kabla ya kuzaa, tena miaka mingi zaidi kabla ya kuzaa sana. Aliyepanda mwaka 1873 alingoja mpaka karibu na mwaka 1880 apate mavuno yake ya kwanza.

Tena, ni nani aliyepanda? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka huo huo wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Katika miaka ile, jembe la mashamba ya karafuu lilikuwa hasa mikononi mwa watu wasio na hiari. Mgeni aliyepita baadaye kivulini mwa mikarafuu, akavuta harufu yake na kusifu utulivu wa kisiwa, alikuwa akisifu kazi yao, ingawa hakuambiwa. Kwao tufani ilipokwisha, haikuwa mapumziko. Ilikuwa mashimo ya kuchimbwa.

Hatusemi kwamba uzuri ule ni uongo. Karafuu zianikwazo juani zina harufu njema, wala kujua habari hii hakuipunguzi. Sisi twaona yaizidisha uzito.

Basi twatoa shauri dogo. Dhoruba ijayo ya masika ikipita, tusiishie madirishani. Tutoke kwa miguu, tupite mashambani. Tukimkuta mkulima akihesabu miti yake, tumwamkie kwa heshima, tumsikilize, tumsaidie kuinua iliyolala juu ya njia. Kisha tuutazame upinde wa mvua pamoja naye, ikiwa bado haujatoweka.