Lubumbashi–Kinshasa: kilomita, masaa, na saa moja inayotupotea

Komite iliniomba niseme juu ya safari ya Kinshasa, kwa sababu wengi kati yenu wanaitwa kule kwa mambo ya viza na ya kukutana tena na jamaa walio ng'ambo.

Kwa mstari ulionyooka, toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni karibu kilomita 1,570. Kwa barabara, kupitia Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, zinapita 2,000, na wakati wa mvua hakuna mtu anaweza kukuambia utafika siku gani. Treni nayo inaishia Ilebo. Pale unatafuta boti. Njo maana mtu mwenye randevu anauza mbuzi, anatafuta tiketi ya ndege.

Ndege ya jet ikienda moja kwa moja inatumia masaa mawili na robo hivi. Ikisimama Mbuji-Mayi ao Kananga, ongeza. Ulizeni mbele ya kulipa.

Sasa tuchukue tiketi kwa mfano. Imeandikwa: kutoka Lubumbashi 10h00, kufika Kinshasa 11h15. Mtu anasema, ah, ni saa moja na robo tu! Hapana. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Huku ikiwa 12h15, kule ni 11h15. Siku ya kurudi inageuka: kutoka 10h00, kufika 13h15. Si kwamba piloti alipotea njia. Lakini kama ulipanga gari ya Kasenga ya 13h00, imekwisha kukuacha, na feza ya kulala Lubumbashi hukuipanga.

Ninyi mliokaa Zambia, jambo hili linawasumbua zaidi. Pale Kasumbalesa mlivuka mpaka na saa haikubadilika, kwani Lusaka na Lubumbashi zinafuata saa ile ile. Unaingia inchi ingine, saa haibadiliki. Unatembea ndani ya inchi yako mwenyewe, inabadilika. Nani angewaza hivyo?

Na hata asiyepanda ndege inamgusa. Mama mmoja aliambiwa ofisi ya Kinshasa itamuita kwa telefone saa tatu ya asubui. Akakaa na telefone mkononi toka saa tatu yetu. Kimya. Saa ine kasoro akaizima, alinde batri, akaenda soko. Wakaita saa ine, telefone imefungwa. Alingojea miezi mbele ya kupata randevu ingine. Kwa hiyo mkipewa saa, ulizeni papo hapo: ni saa ya Kinshasa ao ya huku?

Tena, kufika N'djili si kufika Gombe, kwenye ambasadi nyingi ziko. Ni kilomita 25 hivi, lakini ukingojea mizigo, kisha ukutane na ambuteyaji ya boulevard Lumumba, masaa mawili yanaisha, mara nyingine matatu. Randevu ya 14h00 na ndege ya siku ile ile, mimi sishauri hata kidogo. Nendeni siku moja mbele, na mtafute mapema kwa nani mtalala.

Mwenye barua ya randevu abaki kidogo kisha mkutano. Tutaangalia masaa yake pamoja, moja kwa moja.