Deni la Biashara na Mipaka ya Kazi ya Polisi

Hotuba ya Afisa Uhusiano kwa wafanyabiashara wa Busia, Uganda



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu huukumbuka kila anapofika kituoni mfanyabiashara mwenye hasira asiye na karatasi.

Mmoja wao alikuwa mama anayepeleka mayai ng'ambo. Mteja wake alipokea trei 200, akalipa nusu, kisha akadai kwamba trei 30 zilifika zimevunjika. Mama hakuwa na ankara wala hati ya kupokelea mzigo. Wakati huo vijana wake walikwisha kumkamata mwendesha bodaboda wa mteja na kumfungia stoo pamoja na pikipiki yake, mpaka tajiri wake alipe. Mama alikuja kudai haki yake, kumbe aliyevunja sheria ni yeye. Kutolipwa kwake lilikuwa shauri la madai. Kumfungia mtu ni kosa la jinai.

Ndugu zangu, polisi si wakusanyaji wa madeni. Aliyepokea bidhaa kwa nia njema akashindwa kulipa, au anayebishania ubora wa mzigo, hatuna mamlaka ya kumweka mahabusu ili alipe. Askari atakayekuahidi hivyo na kukuomba fedha ya mafuta, mshtaki kwa mkuu wa kituo.

Kazi yetu huanza penye udanganyifu: ankara ya kughushi, au mzigo uliochukuliwa kwa jina la kampuni isiyo ya mchukuaji. Jihadharini pia na ujumbe wa simu unaosema kwamba muuzaji wenu amebadilisha namba ya kupokelea malipo. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mpigie kwa namba yake ya zamani, umsikie kwa sauti yake.

Kinga ni rahisi. Ankara ioneshe tarehe, idadi, bei, siku ya mwisho ya kulipa, na kama ni shilingi ya Uganda au ya Kenya. Mzigo ukaguliwe mbele ya aliyeuleta, upungufu uandikwe papo hapo, na pande zote mbili zitie sahihi. Mnunuzi asingoje siku ya kulipa ndipo akumbuke mayai yaliyovunjika. Tena, penye ubishi wa sehemu, alipe ile isiyobishaniwa. Muuzaji naye ana watoto wa kulisha.

Mkishindwa kuelewana, nendeni mahakamani. Hapa Uganda upo utaratibu wa madai madogo kwa deni lisilozidi shilingi milioni 10, na hauhitaji wakili. Kenya nako ipo Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya. Huko kote, mwenye karatasi ndiye husikika.

Yule kijana aliachiwa siku ile ile, akakubali kuombwa radhi. Mbele ya viongozi wa wafanyabiashara, mama na mteja waligawana hasara ya trei 30 nusu kwa nusu, na salio likalipwa. Leo mama huyo hatumi mzigo bila kitabu chake cha nakala, na mteja ni yule yule.

Kwa Mungu na nchi yangu.