Mama Mjamzito na Mzazi Katika Mashamba ya Chai

Hotuba kwa wanachama wa Kericho na Bomet



Leo hatusemi juu ya bei ya kilo. Twataka kusema juu ya mama mwenye mimba, na juu ya moyo wake akisha kuzaa. Wengine watasema hayo ni mambo ya nyumbani. Sisi twasema ni mambo ya chama, kwa kuwa mama huyo ndiye aliye pamoja nasi katika chai asubuhi na mapema, kikapu mgongoni, umande ukimlowesha.

Kwanza, kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba mwenye mimba aonwe mara 8 au zaidi, na mara ya kwanza iwe katika wiki 12 za mwanzo. Wengi wetu huchelewa, na sababu twaijua: anayelipwa kwa kilo akishinda kliniki, kilo za siku ile zimepotea. Lakini huko ndiko hupimwa presha, damu na mkojo, akapewa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza tumboni, mama asingoje majani yapimwe. Aende hospitali saa ile ile: Kericho, Kapkatet, Longisa, Tenwek au Kaplong, iliyo karibu naye.

Tena mwenye mimba asitumwe kunyunyiza dawa ya magugu, wala asibebe mzigo mzito. Mjumbe wa chama amwombee kazi nyepesi.

Pili, haki. Chini ya sheria ya kazi ya 1976 mama alipata miezi 2, na likizo yake ya mwaka ikapotea. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi. Atoe habari kwa maandishi siku 7 kabla, na cheti cha daktari au mkunga kikitakiwa akionyeshe. Baba apata wiki 2 kwa mshahara kamili. Kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba si halali. Basi hakuna haja ya kuficha tumbo chini ya aproni. Na Sheria ya Afya ya 2017 yampa anyonyeshaye nafasi, mpaka saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na wakati wa chakula.

Tatu, moyo. Mama wengi hulia siku za kwanza baada ya kuzaa, kisha hupoa. Lakini wiki 2 zikipita, naye bado analia, hapati usingizi hata mtoto akilala, hataki chakula, ajiona hafai, au hamtaki mtoto, huo ni ugonjwa. Katika nchi kama zetu huwapata karibu mama 1 kati ya 5. Si uvivu, si kurogwa, wala si utoto. Hutibiwa kwa mazungumzo na mganga aliyefundishwa, na pengine kwa dawa. Akisema heri afe, au asikia sauti, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi twawaomba mambo matatu. Waume, zile wiki 2 si za kushinda sokoni: chota maji, mshike mtoto, mama alale. Jirani kambini, mwulize mzazi habari zake mwenyewe, si za mtoto tu. Wajumbe, mama akinyimwa siku zake, leteni jina na tarehe ofisini upesi, tupate kulishika jambo lingali bichi.

Umoja ni nguvu.