Jumla pekee haitoshi: Tujifunze kusoma piramidi ya idadi ya watu

Hotuba ya afisa wa mipango wa kaunti kwa wanakamati wa maendeleo wa wadi, Kaunti ya Kilifi, kabla ya vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti.

  

 Nimeombwa nieleze mchoro mmoja ambao mtauona katika vitabu vya mipango na ambao wengi huupita haraka. Unaitwa piramidi ya idadi ya watu. Kabla ya kuueleza, naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, nilipewa kazi ya kupendekeza madarasa ya chekechea katika vijiji viwili. Nilitafuta jumla ya watu wa kila kijiji nikaona zinakaribiana sana. Nikaandika madarasa mawili huku na mawili kule, nikaamini nimetenda haki. Madarasa yalipofunguliwa, kijiji cha kwanza watoto walijaa hadi wengine wakafundishiwa chini ya mwembe. Kijiji cha pili darasa moja likageuka stoo ya mahindi.

Nilipokwenda kutazama, mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, watu uliwahesabu. Watoto je, uliwahesabu?" Sikuwa na jibu. Kijiji cha pili kilikuwa kando ya barabara kuu, kimejaa vyumba vya kupanga na vijana wa kazi wasio na watoto pale. Kijiji cha kwanza kilikuwa cha wakulima wenye familia. Jumla zilikuwa sawa, lakini watu hawakuwa sawa. Kama ningechora piramidi mbili, kosa lile lingeonekana kwa dakika moja.

Piramidi inachorwaje?

Fikirieni paa la nyumba ya makuti ukilitazama kutoka mbele. Chini pana, juu limechongoka. Katikati kuna mstari wa kusimama. Kila upande zimelazwa pau, moja juu ya nyingine. Kila upau ni kundi la umri la miaka mitano. Upau wa chini kabisa ni watoto wa miaka 0 hadi 4, unaofuata ni miaka 5 hadi 9, kisha 10 hadi 14, mpaka juu kwa wazee. Kwa kawaida wanaume huwekwa kushoto na wanawake kulia. Upau ukiwa mrefu, watu wa umri huo ni wengi.

Mambo matatu ndiyo yanayochonga paa hili: kuzaliwa, kufa na kuhama. Watoto wakizaliwa wengi, sehemu ya chini hupanuka. Vifo vikiwa vingi, pau hupungua haraka kila unapopanda. Watu wakihama, upande mmoja au umri mmoja huingia ndani au kutokeza nje.

Kwa hiyo umbo hutofautiana. Nchi kama Niger, ambako wanawake huzaa watoto wengi, ina kitako kipana sana na kilele chembamba. Japani ni kinyume chake: chini pamebana na juu pamejaa, kwa sababu karibu watu watatu kati ya kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi. Qatar, ambako baadhi ya vijana wetu wamekwenda kutafuta kazi, ina umbo la ajabu. Upande wa wanaume wa umri wa kufanya kazi umevimba, na zaidi ya thuluthi mbili ya wakazi wote ni wanaume. Hakuna nchi inayozaa wanaume watu wazima. Mchoro huo unakuonyesha wahamiaji.

Kenya imebadilika

Sensa ya mwaka 1979 ilihesabu Wakenya milioni 15.3. Karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Wakati ule mwanamke Mkenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane hivi katika maisha yake. Piramidi ya miaka hiyo ilikuwa paa kamili la makuti, chini pana kabisa.

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa takriban asilimia 39, na watu watatu kati ya kila wanne walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wastani wa uzazi umeshuka hadi watoto 3.4 kwa mwanamke.

Sasa tazameni pau tatu za chini. Mwaka 2009, kundi la miaka 0 hadi 4 lilikuwa kubwa kuliko yote, likifuatwa na miaka 5 hadi 9, kisha 10 hadi 14. Mwaka 2019 mpangilio uligeuka. Miaka 0 hadi 4 walikuwa takriban milioni 6.0, miaka 5 hadi 9 milioni 6.2, na miaka 10 hadi 14 milioni 6.3. Kitako cha paa kimeanza kuingia ndani.

Msiharakishe kusema basi tufunge wodi za kina mama. Wasichana waliozaliwa wakati familia zilikuwa kubwa ndio wanaoingia umri wa kuzaa sasa. Kila mmoja atazaa watoto wachache kuliko mamake, lakini kina mama wenyewe ni wengi. Kwa hiyo idadi ya watoto wanaozaliwa haishuki kwa kasi ile ile.

Tena, piramidi hutembea. Kila mwaka kila mtu huongeza umri wa mwaka mmoja. Waliokuwa na miaka 10 hadi 14 siku ya sensa ya 2019 wote watakuwa wametimiza miaka 18 kabla ya mwaka 2027 kwisha. Kundi hilo kubwa ndilo litakalogonga milango ya vyuo vya ufundi na kutafuta kazi. Anayepanga leo kwa kutazama watoto walivyokuwa jana atakuwa amechelewa.

Linganisheni pande mbili

Kote duniani wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, takriban 105 kwa kila 100. Uzeeni wanawake huwa wengi zaidi, kwa sababu huishi muda mrefu. Hizo ni tofauti za kawaida. Ukiona tofauti kubwa katikati, kwa mfano kati ya miaka 20 na 39, uliza kuhusu kazi na uhamaji.

Katika sensa ya 2019 Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787. Wanawake walikuwa 749,673 na wanaume 704,089. Wanawake walizidi kwa 45,584. Jirani zetu Mombasa mambo ni kinyume: wanaume 610,257 na wanawake 598,046. Lamu pia wanaume walizidi, 76,103 kwa wanawake 67,813.

Jumla hizi hazituambii sababu, na mtu asizitumie kusema lolote analotaka. Kazi ya mchoro ni kutuonyesha pa kuuliza. Tofauti hiyo iko umri gani? Iko kijiji gani? Kama katika kijiji chenu upau wa wanaume wa miaka 20 hadi 39 umeingia ndani, jiulizeni wako wapi. Huenda wako Mombasa, Mtwapa au Nairobi. Kama ni hivyo, nani anayelima, nani anayechota maji, na mkutano wa saa nne asubuhi unafaa nani? Mama anayeendesha boma peke yake akikosa kuja kikaoni, msimwite mvivu. Badilisheni saa ya kikao.

Mzigo wa wanaotegemewa

Kuna hesabu nyingine inayotoka katika piramidi, nayo ni kiwango cha utegemezi. Chukua watoto wa chini ya miaka 15, ongeza wazee wa kuanzia miaka 65, kisha gawanya kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Kitaifa mwaka 2019 watoto walikuwa asilimia 39 na wazee karibu asilimia 4. Jumla ni 43, wamebaki 57. Maana yake kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi walikuwa na takriban watu 75 wa kuwategemea.

Nasema wa umri wa kufanya kazi, kwa sababu kuwa na umri huo si sawa na kuwa na kazi. Msichana wa miaka 16 yuko shuleni. Kijana wa miaka 24 huenda anakaa nyumbani bila kazi. Na bibi wa miaka 70 huenda ndiye anayelea wajukuu watano. Hesabu hii inasaidia, lakini msiiache ifiche watu.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kipimo. Piramidi mbili zinaweza kuonekana sawa kwa ukubwa, kumbe moja imechorwa kwa maelfu na nyingine kwa asilimia. Someni nambari za chini kabla ya kutazama umbo.

Mtego wa pili ni umri wa kukadiria. Mzee wetu asiye na cheti cha kuzaliwa husema alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au alikuwa anachunga mbuzi siku ya Uhuru mwaka 1963. Karani naye huandika 60, 65 au 70. Ndiyo sababu katika sensa umri unaoishia na 0 au 5 hujaa kupita kiasi. Madhara yake si ya mchoro peke yake. Mpango wa serikali ya kitaifa wa Inua Jamii hutazama umri wa miaka 70 kwa wazee. Mzee aliyeandikiwa 62 kwenye kitambulisho, hali ana 71, hukosa haki yake kwa ajili ya kalamu ya mtu.

Mtego wa tatu ni mkubwa zaidi. Kundi la miaka 0 hadi 4 mwaka 2009 lilikuwa takriban milioni 5.9. Watoto hao hao mwaka 2019 walikuwa na miaka 10 hadi 14. Tungetarajia wapungue kidogo, kwa sababu baadhi hufariki, Mungu awarehemu. Lakini walihesabiwa milioni 6.3. Waliongezeka vipi? Mtoto hazaliwi akiwa na miaka kumi. Maelezo ya kawaida ya wataalamu kwa hali kama hii ni kwamba watoto wachanga husahaulika wakati wa kuhesabu, na wengine huandikiwa umri usio wao. Karani akiuliza, "Mko wangapi hapa?" baba hutaja watu wazima na wanafunzi. Yule wa wiki tatu mgongoni kwa mamake hatajwi.

Kwa hiyo hata ule upungufu wa kitako nilioutaja mwaka 2019, sehemu yake inaweza kuwa ni watoto waliosahauliwa. Tunajua uzazi umeshuka kwa sababu tafiti nyingine zinasema hivyo, si kwa sababu ya upau mmoja. Hilo ni funzo: mchoro mmoja hautoshi kuwa shahidi.

Mtoto asiyehesabiwa hana dawati, hana chanjo katika hesabu ya zahanati, na anapunguza fungu letu. Idadi ya watu ni miongoni mwa vigezo vinavyotumika kugawa pesa kwa kaunti.

Mtakapokwenda vikaoni

Elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, zahanati na vituo vya afya ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba. Haya ndiyo mtakayoulizwa. Nawaomba mfanye mambo manne.

Kwanza, msikubali mradi unaotetewa kwa jumla ya watu pekee. Ulizeni, "Wa umri gani?" Pili, linganisheni sensa mbili ili mwone kundi linaelekea wapi. Watoto wa miaka 2 leo wataingia chekechea baada ya miaka miwili. Tatu, tembeeni kijijini mkahakikishe. Orodha ya wazee wa mitaa, daftari la kliniki ya watoto na la shule vitawaambia kama mchoro umepitwa na wakati. Nne, himizeni kila mzazi achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na siku ya sensa ataje kila aliyelala nyumbani usiku ule, hata kama ni wa siku moja.

Wadi moja ikiomba ukumbi, nyingine ikiomba wodi ya kujifungulia, na pesa ni za moja tu, kuna atakayerudi nyumbani mikono mitupu. Angalau ajue kwamba uamuzi ulitazama watu waliopo, si sauti iliyokuwa kubwa zaidi.

Yule mama aliyeniuliza swali chini ya mwembe hakuwahi kuona piramidi ya idadi ya watu. Lakini swali lake ndilo piramidi yenyewe. Tangu siku ile, kila ninapopewa jumla ya watu, namsikia. Naomba nanyi mumsikie.

 Sasa niko tayari kwa maswali yenu.