Kifundo Kigumu cha Simu ya Upepo

Kifundo cha kuongezea sauti au kuchagulia chaneli katika simu ya upepo ya zahanati kikikaza, msikilazimishe kwa koleo. Nasi tuliwahi kukivunja kimoja hivyo, na usiku ule ule mgonjwa akahitaji gari. Mara nyingi ugumu huo ni grisi ya zamani iliyogandamana kwenye kijiti cha chuma kishikacho kifundo. Kwanza toeni betri. Legezeni skrubu ya ubavuni, ikiwapo, mkivute kitoke. Pangusani kijiti kwa spiriti. Kisha tieni tone moja la mafuta ya cherehani pale kiingiapo, mkizungushe polepole, huku na huku. Mafuta ya kupikia hapana, hugeuka ulimbo! Wala msimimine: yakipenya ndani, sauti itakwaruza na kukatika.